Ngoro Ndani ya Silinda

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa mwelekeo wa msimu, mara nyingi huweka sentensi inayosema kwamba migandamizo mikubwa ya hewa kusini mwa Afrika inatarajiwa kuimarika. Msikilizaji wa Mbinga, kwenye milima ya kusini mwa Tanzania, hahitaji kufafanuliwa. Anajua upepo wa kusi utavuma, ukungu utalala kwenye mabonde ya Umatengo hadi jua lipande, na kahawa itachukua siku nyingi zaidi kukauka kwenye vichanja. Katika sentensi hiyo mgandamizo ni hali: jinsi hewa inavyoelemea ardhi na kila kilichopo juu yake.

Mwalimu wa fizikia anapofundisha injini ya dizeli hulitumia neno hilohilo kwa maana nyingine. Kwake mgandamizo ni tendo: pistoni inapanda, nafasi inapungua, hewa inabanwa. Hali na tendo vimepewa jina moja. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna anayeumia. Lakini lipo jaribio moja la kisayansi ambalo haliwezi kuelezwa kwa Kiswahili mpaka fundo hili lifunguliwe, na jaribio hilo ndilo linaloeleza kwa nini mashine ya kusaga ya kijiji cha milimani hugoma kuwaka asubuhi ya Julai wakati ndugu yake iliyoko Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, inawaka bila kusumbua.

Jaribio lenyewe ni hili. Chukua silinda yenye pistoni moja. Ijaze mchanganyiko wa mafuta yaliyogeuzwa mvuke pamoja na hewa. Isukume pistoni kwa nguvu kubwa ili imalize safari yake ndani ya milisekunde 20 hadi 60 hivi, kisha ifunge papo hapo isirudi nyuma. Gesi iliyobanwa imepata moto, imebaki mahali pamoja, na haina cheche yoyote karibu. Mtafiti anapima itakaa muda gani kabla ya kuwaka yenyewe. Mwaka 1906 mwanakemia K. G. Falk, kwa ushauri wa Walther Nernst, aliifanya kazi hii kwa kuangusha uzito juu ya pistoni iliyofungia haidrojeni na oksijeni. Mashine za leo husukumwa kwa hewa au kwa mafuta ya haidroliki na kusomwa na vipimo vya umeme, lakini wazo halijabadilika: bana haraka, shikilia, ngoja moto uzaliwe.

Sasa jaribu kuandika ripoti yake kwa neno moja. Mgandamizo ulianza, mgandamizo ukapanda, mgandamizo ulipoisha mgandamizo ulikuwa juu, kisha mgandamizo ukaanza kushuka. Msomaji amepotea, na kosa si lake.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Kina wingi usiogawanywa. Hospitalini tuna shinikizo la damu, na mgonjwa mwenyewe anasema ana presha. Kwa fundi wa matairi tunajaza upepo. Redioni tuna mgandamizo wa hewa. Na katika vitabu vya sayansi vya Kiswahili tuna kanieneo, neno ambalo nalipenda kuliko mengi ya ukoo wake, kwa sababu limebeba kanuni yake tumboni: kani juu ya eneo. Mwanafunzi anayelijua neno hili hawezi kusahau hesabu yake, kwa maana hesabu ndiyo jina. Hali ya gesi ndani ya silinda iitwe kanieneo, na pasiwe na ubishi.

Tendo ndilo linalohitaji mawazo zaidi. Kukandamiza kumekwenda siasani, na ukandamizaji hautarudi tena karakanani. Kugandamiza kumebaki na maana mbili tulizoziona. Kipo kitenzi kingine ambacho wanasayansi wetu hawajakitendea haki: kushindilia. Gunia la mahindi hushindiliwa mpaka nafaka ileile ikae mahali padogo zaidi. Baruti ilishindiliwa kwenye gobore, na hapo mshindilio ulikuwa tayari jirani wa mlipuko. Mtu anaweza kusema kwamba kushindilia kunabeba pia wazo la kuongeza kitu ndani, na kweli kunabeba kidogo. Hata hivyo mtu aliyeketi juu ya begi ili zipu ifungike haongezi nguo, anapunguza nafasi. Napendekeza mshindilio kwa tendo la pistoni, na uwiano wa mshindilio kwa ile namba inayotuambia nafasi imepungua mara ngapi. Mafundi wataendelea kusema injini haina kompresheni, na wana haki. Neno lao ni la kazi, limezoeleka, na kila aliyewahi kuambiwa kwamba ringi zimekwisha anajua maana yake na gharama yake.

Twende sasa kwenye joto, maana hapo ndipo jambo linapokuwa zito.

Mbinga mjini pako juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko kwenye mita 475 hivi. Barabara ya lami inayoshuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, makao ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, inamtoa msafiri katika hewa nyembamba na baridi na kumwingiza katika hewa nzito yenye fukuto, yote hayo kabla hajamaliza soga na jirani yake wa kiti. Tuseme alfajiri moja ya Julai hewa ya milimani iko nyuzi 10 na ya ufukweni nyuzi 25. Injini mbili zinazofanana, zenye uwiano wa mshindilio wa 18 kwa 1, zinazivuta hewa hizo na kuzibana. Kama hakuna joto linalopotea, ile ya milimani itaifikisha hewa yake takriban nyuzi 580, na ile ya ufukweni takriban nyuzi 620. Tofauti ya nyuzi 15 mwanzoni imekuwa tofauti ya nyuzi 40 mwishoni, kwa kuwa mshindilio haujumlishi joto, unalizidisha. Kwa mafuta yanayongoja kuwaka yenyewe, nyuzi 40 zinaweza kuamua kama mashine itanguruma au itakohoa na kunyamaza.

Lakini nimesema kama hakuna joto linalopotea, na katika maneno hayo ndimo ulimo mgogoro wote wa jaribio. Kuta za silinda ni za chuma baridi. Gesi inayozigusa hupoa. Injini inayozungushwa polepole kwa hendeli huipa gesi muda mrefu wa kupoa, na ndiyo sababu mwendesha mashine wa kijijini huzungusha kwa nguvu zake zote kabla ya kuachia. Ndiyo sababu pia watafiti wakataka pistoni yao iende kwa kasi kiasi kile: kumaliza mshindilio kabla joto halijakimbia.

Hapa Kiswahili kina zana mbili nzuri. Joto ni kile kinachosafiri kutoka gesi kwenda ukutani. Jotoridi ni kipimo cha hali, na neno lenyewe limeunganisha joto na baridi ili kutukumbusha kwamba ngazi ni moja, inapandwa na kushukwa. Wapo wanaopenda halijoto, na Kenya limeshika mizizi zaidi. Sina ugomvi nalo. Naegemea jotoridi kwa sababu silinda ninayoieleza ina ncha zote mbili kwa wakati mmoja, katikati moto wa kuyeyusha risasi, ukutani ubaridi wa kushikika kwa mkono.

Hilo ndilo jambo ambalo hesabu ya haraka hulificha. Kanieneo ndani ya chumba kile ni moja. Kila tofauti ndogo husawazishwa kwa mwendo wa sauti, kwa hiyo kipimo kimoja kilichochomekwa ukutani kinasema kweli kwa chumba kizima. Jotoridi si moja. Yapo majotoridi mengi katika nafasi isiyozidi kikombe cha kahawa, na hakuna kipimajoto chenye wepesi wa kuyasoma yote. Watafiti hupima kanieneo, kisha kwa hesabu hukisia jotoridi la katikati, wakichukulia kwamba pale katikati gesi haijapoteza joto hata kidogo. Sehemu hiyo nitaiita kiini kisichopoteza joto. Jina ni refu, ila linasema linachosema, na mwanafunzi hatahitaji kulikariri kama kiapo cha kigeni.

Kiini hicho kingekuwa salama kama gesi ingetulia. Haitulii. Gesi ni giligili kama maji, na giligili ikisukumwa hutiririka. Neno giligili lenyewe linastahili shukrani: linachukua vimiminika na gesi katika mfuko mmoja, jambo ambalo watu wa ufukweni wanalijua kwa macho, kwa kuwa upepo na maji ya Nyasa hufanya kazi moja. Upepo wa kusi, ambao wengi wa watu wa ziwa huuita mwera, husukuma maji ya juu yenye uvuguvugu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji baridi ya chini hupanda kujaza pengo. Ziwa hili lina kina cha zaidi ya mita 700. Maji yake yamelala kwa matabaka: juu yanabadilika kwa msimu, chini yanabaki karibu nyuzi 22 au 23 mwaka mzima, na kuanzia mita 200 na ushee kwenda chini hakuna oksijeni. Samaki anayeogelea hapo hana chombo kimoja cha maji. Ana majirani wawili wasiochanganyika, mpaka kitokee kitu cha kuwavuruga.

Kinachovuruga gesi ya silinda ni pistoni yenyewe. Ukutani kumejipaka utando mwembamba wa gesi iliyopoa. Pistoni inapopanda, ukingo wake unaukwangua utando huo na kuukusanya mbele yake. Ukishakusanyika pembeni hauna pa kwenda, hivyo hujikunja, huzunguka, na kuingia katikati ya chumba ukiwa umebeba ubaridi wake. Mwendo huo wa kuzunguka una majina ya kutosha katika Kiswahili. Chamchela ni la zamani na wataalamu wa kamusi wanalijua. Kisulisuli linajulikana na kila mtu aliyewahi kuona vumbi likinyanyuka kiwanjani na kuzunguka. Nachagua kisulisuli kwa sababu ya umbo lake, lile la sauti inayojirudia kama kitu chenyewe kinavyojirudia. Basi kisulisuli cha pembeni ndicho adui wa kiini. Kikiingia, kanieneo itaendelea kusomeka vizuri, hesabu itatoa namba safi, na namba hiyo itakuwa uongo, kwa kuwa katikati hakuna tena jotoridi moja la kukisia.

Mwaka 1998 Daeyup Lee na Simone Hochgreb walichapisha kazi iliyoonyesha namna ya kukizuia. Dawa yao haikuwa kuipasha moto silinda wala kubadili mafuta. Waliichonga pistoni: wakazungusha mfuo kwenye ubavu wake, karibu na uso wake. Pistoni inapopanda, utando wa gesi baridi unaokwanguliwa ukutani humezwa na mfuo huo kabla haujapata nafasi ya kujikunja. Kisulisuli kinakosa chakula. Kiini kinabaki kimetulia.

Kwa mtu wa Umatengo, maelezo hayo yana jina tayari. Kwenye miteremko ya Mbinga, ambako mvua kubwa ingeweza kuubeba udongo wote hadi mtoni kwa msimu mmoja, Wamatengo hulima ngoro. Mwishoni mwa masika majani hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, kisha akina mama hufukua udongo katikati ya miraba hiyo na kuyafunika majani. Hubaki mashimo yaliyopangana mlima mzima, yamezungukwa na matuta yenye mbolea ya majani yanayooza. Maharage hupandwa kwenye matuta, na msimu unaofuata mahindi. Maji ya mvua yanayoteremka huingia shimoni kabla hayajakusanya kasi. Hayashindwi kwa ukuta. Yanapewa mahali pa kuingia yakiwa bado madogo.

Nadai kwamba mfuo ule wa pistoni uitwe ngoro. Neno mfuo linafaa kwa umbo, lakini halisemi kazi. Ngoro linasema kazi: shimo linalochimbwa kwa makusudi ili kuumeza mtiririko kabla haujadhuru. Pistoni yenye ngoro, pistoni isiyo na ngoro, ukubwa wa ngoro. Sentensi zinakwenda bila kujikwaa. Na utaratibu wa kuunda istilahi, kama ulivyofuatwa tangu enzi za Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili na Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967, hututuma tutafute kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kuvuka bahari. Kung'atuka kulitoka kwa Wazanaki na sasa hakuna mwanasiasa asiyekujua. Ikulu lilitoka bara, likaketi mahali pa juu kuliko yote. Sioni kwa nini elimu ya Wamatengo kuhusu maji yanayotiririka isiingie katika elimu ya gesi inayotiririka, hasa kwa kuwa wao wameijaribu shambani kwa vizazi na matokeo yanaliwa.

Liko neno la mwisho ambalo sitaki lipite bila kuchaguliwa vizuri, na ndilo linalotaja kile ambacho jaribio zima lilijengwa kukipima: muda kati ya mwisho wa mshindilio na kuwaka. Baadhi ya waandishi huandika ucheleweshaji wa mwako. Nalikataa. Kuchelewa kumetokana na kucha: aliyechelewa amekuchewa, saa yake imepita, ana lawama. Na ucheleweshaji unamtafuta mtu aliyefanya kusudi. Mafuta hayana saa yaliyoahidi. Katika milisekunde zile yana kazi: molekuli zinavunjika, vipande vyake vinaungana na oksijeni, vinazaa vipande vingine vinavyoongeza kasi, mpaka mnyororo usizuilike. Huko ni kukawia, yaani kuchukua muda. Mkawio wa mwako, basi. Mama aliyeweka maharage ya Mbinga jikoni hasemi yamechelewa kuiva; anasema yanakawia.

Neno mkawio linatufikisha kwenye tabia moja ya mafuta iliyo ngumu kuamini. Kwa kawaida, gesi ikiwa na jotoridi la juu zaidi mkawio hupungua. Lakini mafuta mengi, dizeli ikiwemo, yana eneo fulani la jotoridi ambamo mambo hugeuka: ukiongeza jotoridi mkawio unarefuka. Katika eneo hilo mwako huja kwa hatua mbili. Kwanza huzuka ndimi baridi, mwako hafifu unaopandisha jotoridi kidogo na kutulia, halafu baada ya kitambo unakuja mwako wenyewe. Kitu kinachosababisha ni kemia: jotoridi likipanda, baadhi ya vipande vilivyokuwa vinauzidisha mnyororo huvunjika kurudi vilikotoka.

Fikiria maana yake kwa silinda yenye kisulisuli. Gesi baridi iliyoingizwa katikati inaweza kuwaka mapema kuliko gesi ya moto iliyoizunguka. Mtafiti asiyejua kwamba kiini chake kimechafuliwa ataona mkawio mfupi na kulisifu jotoridi ambalo halikuhusika. Kwa hiyo kuyatenganisha joto na jotoridi, kanieneo na mshindilio, si unadhifu wa lugha tu. Ripoti inayoyachanganya haiwezi hata kulitaja kosa lililotokea, na kosa lisilotajika halisahihishwi.

Kuhusu kipimo kinachoonyesha wepesi wa dizeli kuwaka, naomba wataalamu wawe waangalifu na sikio. Jina la kimataifa likitoholewa kizembe litakuwa setani, na hakuna mwanafunzi wa Liuli wala Lituhi atakayelisikia bila kufikiri jambo jingine. Seteni linatosha. Namba ya seteni ikiwa kubwa, mkawio ni mfupi. Hayo yanaandikika kwa mstari mmoja.

Ngoro nayo haikumaliza kila kitu. Baada ya ndimi baridi kuzuka, kanieneo ya chumba hupanda, na gesi ya katikati husukumwa kuingia ndani ya ngoro, ikitoroka kipimo. Kilichomeza utando baridi sasa kinameza mchanganyiko wenyewe unaochunguzwa. Miaka zaidi ya kumi baada ya kazi ya 1998, watafiti walibuni namna ya kuitenga ngoro na chumba mara pistoni inapofika mwisho wa safari: gesi baridi inabaki imefungiwa ndani, na ya katikati haipati mlango. Hiyo ni ngoro ya kuzibwa, na sentensi yake inaandikika hivi: mshindilio unapoisha ngoro inazibwa, kanieneo inapimwa, jotoridi la kiini linakisiwa, na mkawio unaanza kuhesabiwa.